Kabla ya Kuzika Kompyuta, Angalia Waya

Kimya changu kina sababu: nilikuwa likizo nyumbani Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako mtandao una siku zake. Nimerudi chuo na hasira, na sehemu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Mtanisamehe.

Mjomba wangu ana kibanda cha steshenari. Kompyuta moja ya mezani na printa moja, basi. Hapo walimu wanachapa mitihani, vijana wanachapa barua za kuomba kazi, na watu wanapiga picha za pasipoti. Miezi michache iliyopita kioo kikaanza kupoteza rangi nyekundu. Kila sura ikawa ya kijani-buluu, kama ya mtu aliyetolewa ziwani. Fundi mmoja wa mjini akasikiliza maelezo kwa simu tu, akahukumu: "Grafiki ya kwenye mazabodi imekufa, tafuteni kadi." Mjomba akanitumia shilingi 75,000. Nikanunua kadi iliyotumika, GT 710, nikasafiri nayo nimeipakata kama trei ya mayai.

Nikaichomeka. Kioo cheusi tii! Kikaandika tu kwamba hakipati kitu kutoka kwenye sipiyu.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa ualimu, na kozi ya TEHAMA nilipata A. Naweza kukutajia sehemu za kompyuta usingizini. Unajua nilisema nini? "Mjomba, wamenipiga, kadi ni mbovu." Tukabeba sipiyu mpaka kwa yule fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Akachomeka waya, akawasha, akaona giza, akazima. "Kadi imeunguza mazabodi. Nunueni sipiyu nyingine, 350,000." Na 20,000 ya kuangalia akachukua.

Mjomba hakusema kitu njia nzima. Pesa hiyo ndiyo aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya nyavu mpya za usipa. Usiku ndipo akaniuliza. "Mjomba," (kwetu mjomba na mpwa mnaitana hivyohivyo) "injini ya boti ikigoma hatusemi imekufa. Tunaangalia mafuta, tunaangalia plagi, tunaangalia waya. Wewe umeangalia nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Sikuwa nimeangalia chochote. Mimi na fundi wote tulikuwa tumehukumu tu.

Asubuhi tukaanza upya, na kile kisichogharimu hata senti ndicho kikawa cha kwanza. Je, waya wa kioo umechomekwa wapi? Ulikuwa pale pale unapokaa siku zote, kwenye tundu la zamani la mazabodi! Kompyuta nyingi zikiona kadi mpya zinazima tundu la zamani zenyewe. Waya unatakiwa uhamie kwenye matundu ya kadi. Nikauhamisha. Picha ikaja. Sekunde kumi, bure. Fundi naye alikuwa amechomeka palepale kama mimi.

Kama isingekuja, hatua inayofuata ingekuwa kuzima umeme, kutoa kadi, kusafisha meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli na kuirudisha mpaka ikae sawasawa. Baada ya hapo unaangalia umeme. Kadi kubwa zinahitaji waya wao wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, kwa sababu sloti yenyewe inatoa wati 75 tu. GT 710 inakula wati 19, haihitaji waya huo. Kwa hiyo hadithi ya kuunguza mazabodi ilitakiwa iwe jambo la mwisho kufikiriwa, si la kwanza.

Picha ilikuja na maandishi makubwa kama ya bango. Hapo pia mtu angepiga kelele kwamba kadi ni feki, kumbe kompyuta haikuwa na draiva yake. Nvidia waliacha kuitolea kadi za familia hii draiva mpya za kawaida mwaka 2021, hivyo inabidi utafute zile za kundi la 470. Nikapakua kwa simu usiku, bando likalia, nikahamishia kwenye kompyuta. Maandishi yakakaa sawa.

Lakini wadau, sura bado zilikuwa za kijani-buluu!

Nikabonyeza kitufe cha kioo chenyewe, ile menyu yake ikatokea na nyekundu safi kabisa. Basi kioo ni kizima. Nikachomoa waya nikamulika kichwa chake kwa tochi. Waya wa VGA una nafasi 15 za pini, na pini ya kwanza ndiyo inayobeba nyekundu. (Ukikuta ya tisa haipo usishtuke, nyaya nyingi zinatoka kiwandani bila hiyo.) Ya kwanza ilikuwa imelala. Nikainyoosha kwa ncha ya sindano. Nyekundu ikarudi. Kuhakikisha, nikatoa kadi na kurudisha waya kwenye tundu la zamani. Nyekundu ipo vilevile.

Yaani kadi haikuhitajika tangu mwanzo. Tulikaribia kuzika kompyuta nzima kwa sababu ya pini iliyolala.

Najua mtasema fundi anaishi kwa kuuza vifaa. Sawa, ila mimi sikuwa nauza kitu na bado nilihukumu kama yeye. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kozi yangu ilinifundisha majina ya vitu, haikunifundisha kutafuta chanzo. Mtihani uliniuliza maana ya kadi ya grafiki, nikaandika, nikapewa A. Hakuna aliyeniwekea kompyuta iliyogoma mezani akaniambia ifanye iwake.

Mwingine atasema mwalimu si fundi. Sikubali. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 na sekondari sasa kuna mkondo wa amali. Nani ataufundisha? Sisi hawa. Tukiingia darasani na vichwa vilivyojaa fasili tupu, tutazalisha watoto wa kukariri neno amali, mikono mitupu.

Tena hatari yenyewe haiko kwenye kompyuta peke yake. Mwalimu aliyezoea kuhukumu kabla ya kuangalia atamkuta mtoto anayeshindwa kunakili ubaoni, atamwita kilaza, wakati pengine mtoto haoni vizuri, au ametoka nyumbani na njaa. Kioo cheusi hakimaanishi kompyuta imekufa.

Ninachodai ni kidogo: kozi ya TEHAMA kwa walimu iwe na mtihani wa bisibisi. Kompyuta mbovu mezani, saa moja, tafuta chanzo na ueleze ulianza na nini. Vyuo vina stoo zimejaa kompyuta zilizohukumiwa kifo. Tupeni hizo tujifunzie. Naamini kadhaa zitafufuka.

Kadi ipo kwenye begi langu, natafuta wa kumuuzia nimrudishie mjomba pesa yake ya nyavu.

Naomba kuwasilisha. Tupo pamoja.