Mtamba mwenye mimba asichanjwe kwa kubahatisha

Wafugaji wa Marekani wana chanjo hai dhidi ya IBR, ugonjwa unaoletwa na virusi vya hepesi vya ng'ombe. Kinga yake huja haraka, na hatuna ugomvi na hilo. Lakini virusi vilivyomo vimepunguzwa makali tu, havijafa. Vikiingia kwa mtamba mwenye mimba ambaye hajawahi kuchanjwa, vinaweza kupita kondo la nyuma na kumuua ndama tumboni. Mimba huweza kutoka wiki kadhaa baadaye, mchanjaji ameshasahau. Mtamba kama huyo akichanjwa karibu na siku za kupandishwa, ovari zake zaweza kudhurika, mimba isishike.

Maelezo ya baadhi ya chanjo hizo huruhusu kuchanja wenye mimba, kwa sharti kwamba walichanjwa kabla ya kupandishwa, ndani ya miezi 12 iliyopita. Pasipo kumbukumbu, sharti hilo halina maana. Mtamba achanjwe mapema, angalau siku 30 kabla ya kupandishwa. Mwenye mimba asiyejulikana historia yake apewe chanjo ya virusi vilivyouawa, hata kama inahitaji kurudiwa. Madaktari wa mifugo, ulizeni kumbukumbu kabla ya kujaza sindano.