Bolti Sugu ya Puli ya Kranki

Ikiwa unalo gari la familia lililokwisha kuzeeka, hasa zile Corolla za miaka ya 1990 zitumiazo mkanda wa taimingi, iko siku utalazimika kuubadilisha mkanda huo. Kazi yenyewe humkubali mtu mwenye subira na spana zake. Taabu iko kwenye bolti moja tu, ile iliyoishika puli ya kranki, chini kabisa nyuma ya gurudumu la mbele la upande wa dereva. Isipofunguka hiyo, mkanda huugusi.

Mwandishi wa safu hii aliijaribu Jumamosi moja nyumbani, Ngokolo, mjini Shinyanga. Nilitwaa soketi ya pembe kumi na mbili na mpini wa sentimita 30, nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Soketi iliteleza, pembe za kichwa cha bolti zikalika, na vidole vyangu vikaishia kwenye chuma. Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za safari, tukamsalimu bibi yao Kahama. Walizivua.

Aliyeniokoa ni jirani ambaye hutengeneza injini za makarasha huko Nyarugusu, Geita. Machimboni karasha likisimama, kuna watu ambao hawatakula jioni, kwa hiyo fundi wa huko hana nafasi ya kukasirikia bolti. Alitazama mpini wangu akacheka. “Nkoi, huu ni wa baiskeli.”

Hesabu yake ni hii. Kiwandani bolti ya Corolla hizo hukazwa kwa nyutoni-mita 120 hivi, yaani sawa na kuning’iniza kilo 12 kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Baada ya miaka mingi ya kutu na vumbi letu jekundu, huenda ikadai mara tatu ya hizo. Kwa mpini wangu mfupi ningehitaji kusukuma kilo 120. Ukichomeka bomba la chuma juu ya mpini hata ufikie mita moja, kilo 36 zatosha, na hizo hata mama watoto anazo.

Lakini nguvu hiyo ni bure ikiwa kranki inazunguka pamoja na bolti. Gari la gia za mkono, weka gia ya tano, mtu akanyage breki kwa nguvu. Gari la otomatiki halikubali hila hiyo, kwa sababu kati ya injini na gia kuna mafuta tu. Hapo jirani yangu alitoboa ubapa wa chuma matundu mawili, akaufunga kwenye matundu yenye nyuzi yaliyo usoni mwa puli, ncha yake akaiegemeza kwenye fremu. Gari na likae juu ya stendi imara. Bomba refu linaweza kuliangusha kutoka kwenye jeki, nawe uko chini.

Wapo wanaoegemeza mpini kwenye fremu kisha wakapiga stata ili injini ijifungulie yenyewe. Mpini ukichomoka huruka kama rungu. Tena Honda nyingi za zamani injini yake huzunguka kinyume na nyingine, hivyo stata huikaza bolti badala ya kuilegeza! Moto wa gesi nao usiusogeze, kwani ndani ya puli mna raba, na nyuma yake mna sili ya mafuta.

Bolti yangu iliyolika ilipigiwa soketi ya pembe sita iliyobana, kwa nyundo ndogo, taratibu. Bomba likavutwa bila kushtua. Ikalia kama risasi, ikaachia.

Nilinunua bolti mpya. Wakati wa kurudisha tuliazima spana ya kupimia mkazo, maana puli iliyolegea hucheza, ikala kile kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita kii, kisha ikaila kranki yenyewe, na bei ya kranki waijua. Jirani hakutaka fedha. Aliomba lifti hadi stendi ya mabasi, Jumatatu alfajiri, akawahi karasha lake.