Mapishi ya "Weka Hiki, Weka Kile" Yatakutia Hasara

Wapambanaji wenzangu, leo naomba nibishane na nyie kidogo. Mnaouza vyakula mtandaoni, acheni kukariri mapishi. Tafuteni sababu.

Mimi nauza krispi za viazi hapa Kerende. Natangaza kwenye status ya WhatsApp, bodaboda anapeleka mpaka Nyamongo. Mwaka jana nikapata oda ya pakiti 60 za kicheni pati. Nikakaanga usiku, nikafunga zikiwa bado za moto ili niwahi kulala. Asubuhi zimelegea kama matambara, nusu yake kahawia na chungu. Nilirudisha hela yote, na mafuta nilikuwa nimekopa dukani.

Video nilizokuwa nafuata hazikunidanganya. Ila hakuna hata moja iliyosema kwa nini.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha vipande vya Good Eats, kipindi cha Marekani kilichoanza miaka ya 1990. Mwenyewe Alton Brown alikuwa mtu wa kamera, akaenda kusomea upishi kwa sababu vipindi vya mapishi vya wakati ule havikumridhisha. Anachekesha huyo! Hamira anaieleza kwa vikaragosi vya soksi vinavyocheua. Ukiona vile, huulizi tena unga unaumukaje. (Kiingereza chake kinakimbia, mpwa ananitafsiria kwa malipo ya krispi.)

Basi, yale mapovu kwenye karai ni maji ya kiazi yanayotoka kama mvuke. Mvuke ukiwa unasukuma nje, mafuta hayapati nafasi ya kuingia sana. Mafuta ya uvuguvugu ndiyo yanayonywewa. Ukifunga cha moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Na ile kahawia inaletwa na sukari: kiazi kikikaa kwenye friji, wanga wake unageuka sukari. Mimi nilikuwa naomba nafasi kwenye friji ya jirani, eti navitunza!

Kuna atakayesema mteja hanunui sayansi, ananunua ladha. Sawa. Lakini siku muuza viazi akikuletea aina nyingine, lile pishi ulilokariri litakusaidia nini? Mambo ya thamometa na oveni yaacheni, sisi wa mkaa tunatupia kipande kimoja na kusikiliza.

Siku hizi naosha vipande mpaka maji yaache kuwa meupe, nakausha kwa taulo, nafunga zikishapoa kabisa. Yule wa kicheni pati hajarudi. Dada yake ameagiza pakiti 15 za Jumamosi.