Waziri kateua, Dodoma wamepiga makofi: kijana wa Kiabakari nani kamuuliza?

NDUGU yangu kijana, nianze na swali la kijiweni. Kocha wa Simba anaitwa nani? Wa Yanga je? Najua umejibu kabla sijamaliza kuuliza, na ukaongeza mechi alizofungwa na siku anayostahili kufukuzwa. Haya, sasa nijibu hili: mwenyekiti wa bodi ya mamlaka ya maji inayomhudumia mama yako pale Kiabakari ni nani? Aliteuliwa lini? Nani alimhoji kabla hajakalia kiti?

Kimya.

Usione aibu. Hukuulizwa wewe, hakuulizwa diwani wako, wala hakuulizwa mbunge wako. Na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo, wewe uliyepanda basi pale Kiabakari ukaja Musoma, Mwanza au Dar es Salaam kutafuta riziki. Unaendesha bodaboda, unauza mitumba, au unashinda kijiweni ukisubiri simu ya kibarua. Umekuja mjini, lakini ndoo umeiacha nyumbani, na anayeibeba kichwani ni dada yako.

Utaratibu wa nchi yetu ni huu. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, bodi ya mamlaka ya maji huteuliwa na waziri. Katika mashirika mengi makubwa ya umma, mwenyekiti huteuliwa na Rais, wajumbe huteuliwa na waziri. Katiba ya 1977, Ibara ya 36, inampa Rais mamlaka makubwa ya kuteua. Jioni unasikia tangazo redioni: fulani bin fulani ameteuliwa, uteuzi unaanza mara moja. Basi, imekwisha. Bunge halimuiti, halimuulizi, halimpigii kura.

Ni mtaalamu wa maji? Au ni mkereketwa anayefutwa machozi baada ya kuangushwa kwenye kura za maoni? Huenda ni mtu safi kabisa, mchapakazi, msomi. Sina ugomvi naye. Lakini mimi na wewe tutajuaje, kama hakuna aliyemuuliza hata swali moja hadharani?

Na usidanganywe kwamba Bunge letu halijui kuthibitisha mtu. Waziri Mkuu akiteuliwa na Rais, jina lake hupelekwa bungeni likapigiwa kura. Kama Waziri Mkuu mzima anathibitishwa, huyu mwenyekiti wa bodi anayeshika mabilioni ya walalahoi ana utukufu gani hata asiguswe?

Tuje kwenye fedha, maana bodi bila fedha ni mkutano wa chai tu.

Maji tunayoyatafuta Kiabakari hayako mwezini. Yako Ziwa Victoria, pale Mugango. Mradi wa kuyavuta kutoka Mugango kupitia Kiabakari hadi Butiama si jambo la juzi. Katika miaka ya 2010 jina la mradi huo lilisomwa Dodoma kwenye hotuba za bajeti za Wizara ya Maji, likapigiwa makofi, likarudi tena kusomwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi mpya Februari 2022, mradi wa zaidi ya Sh. bilioni 70, wenye fedha za BADEA na za Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia pamoja na fedha za Serikali. Piga hesabu mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985, akafariki mwaka 1999, akazikwa kwao Butiama. Jiwe la msingi la mradi huo wa kwenda kijijini kwake liliwekwa miaka 22 na ushei baada ya mazishi yake. Kama bomba la kwenda kwa Baba wa Taifa lilisubiri hivyo, la kwenda kwa baba yako wewe litasubiri mpaka lini?

Tatizo si kwamba Bunge halikupitisha fedha. Bunge linapitisha! Kupitisha ndiyo kazi linayoiweza kuliko zote. Tatizo ni kinachotokea baada ya makofi.

Chukua mwaka wa fedha 2016/17. Wizara ya Maji ilitengewa kwa ajili ya maendeleo takriban Sh. bilioni 915. Hadi Machi 2017, miezi tisa ikiwa imepita, zilikuwa zimetoka takriban bilioni 181. Haifiki asilimia 20! Wabunge walifoka, na wa chama tawala wakafoka pia. Wengine wakataka tozo ya Sh. 50 kwa kila lita ya mafuta, inayokwenda Mfuko wa Maji, ipandishwe iwe 100. Mwisho wa siku bajeti ya mwaka uliofuata ikapita, tena ikiwa ndogo kuliko ile ambayo haikutolewa. Hicho ni kiini macho, ndugu yangu. Ukimwahidi mkeo debe la mahindi ukaleta kisado, kesho yake huwezi kusimama mbele ya wakwe ukashangiliwa kwa kuahidi nusu debe.

Kwa nini wabunge hawagomi? Soma Katiba, usisubiri kusomewa. Ibara ya 99 inasema Bunge haliwezi kushughulikia mambo kadhaa ya fedha, kama kuongeza kodi au matumizi, mpaka Rais apendekeze kupitia kwa waziri. Ibara ya 90 nayo inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge aliyekopa kugharimia kampeni, utamwambia agome avunjiwe Bunge, arudi kuomba kura huku benki inamdai? Hathubutu. Atasimama, atalalama kwa ukali ili wapiga kura wamsikie, kisha atamalizia na yale maneno unayoyajua: naunga mkono hoja.

Watu wa Butiama tusiambiwe habari hizi kama hadithi za mbali. Buhemba ni kwetu. Mgodi wa dhahabu wa Buhemba uliendeshwa na kampuni ya Meremeta, ambayo Serikali ilikuwa na hisa ndani yake. Dhahabu ilichimbwa, kampuni ikafilisika, na Benki Kuu ikalipa deni la kampuni hiyo kwa benki moja ya Afrika Kusini, Dola zaidi ya milioni 100. Wabunge wa upinzani, Dk. Willibrod Slaa akiwa mstari wa mbele, waliuliza wakati wa awamu ya nne: nani walikuwa wakurugenzi, nani aliidhinisha, fedha zilikwenda wapi? Jibu la Serikali likawa kwamba hayo ni mambo ya ulinzi na usalama wa taifa. Yaani shimo lilichimbwa kwetu, deni likalipwa na sisi, lakini hesabu ni siri yao!

Hapo ndipo unaona thamani ya kumhoji mtu kabla hajaingia. Ukishamwingiza, kumtoa ni kazi ya kuomba.

Kuna siku Bunge liling'ata kweli, tusilinyime haki yake. Novemba 2014, katika sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilileta ripoti iliyotikisa nchi. Bunge likaazimia mamlaka ya uteuzi itengue uteuzi wa baadhi ya vigogo, ikiwamo Bodi ya TANESCO. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akafukuzwa, mwingine akaachia ngazi Januari 2015. Vizuri sana. Lakini angalia neno lenyewe: "mamlaka ya uteuzi". Bunge lilimwomba aliyeteua amtoe aliyemteua, wakati zaidi ya Sh. bilioni 300 zilikuwa zimeshatoka kwenye akaunti. Huko ni kufunga zizi huku ng'ombe wameshavuka mto. Sisi wa Mara tunalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa panda basi la Sirari. Vuka mpaka, uko Isebania, kaunti ya Migori. Hawa ni majirani zetu, wengine ni ndugu zetu wa damu, tunaoana na kuzikana. Kule gavana akitaka kuteua wajumbe wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamlazimisha kupeleka majina kwenye bunge la kaunti. Mteuliwa anaketi mbele ya kamati, anaulizwa elimu yake, mali zake, na alikotoka. Mwananchi wa kawaida mwenye ushahidi dhidi yake anaweza kuuwasilisha kwa kiapo. Na katika bajeti, sheria yao ya fedha za umma ya 2012 inataka maendeleo yatengewe walau asilimia 30.

Sikwambii kwamba Kenya ni peponi. La hasha! Kule nako kuna bahasha, kuna ukabila, kuna wanaopitishwa huku kila mtu anajua hawafai. Juni 2024 vijana wa rika lako waliingia mitaani kwa sababu Bunge lao lilipitisha Muswada wa Fedha wasioutaka, wengine wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia saini. Lakini Agosti mwaka huohuo Bunge hilohilo lilimkataa mmoja wa walioteuliwa kuwa waziri. Mlango ukiwapo, siku moja mtu huugonga. Sisi mlango wenyewe hatuna.

Na si kwamba hatukuelezwa. Jaji Joseph Warioba, mtoto wa Bunda hapo jirani, alizunguka na Tume yake nchi nzima akikusanya maoni. Rasimu ya pili aliikabidhi Desemba 2013. Humo wananchi walitaka mawaziri wasiwe wabunge, na wakiteuliwa na Rais wathibitishwe na Bunge. Bunge Maalum la mwaka 2014 likaichukua rasimu, likaichanachana, Oktoba likapitisha Katiba Inayopendekezwa ya kwake. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa. Jasho la mzee wa Bunda likawekwa kabatini.

Najua wapambe watasema: kuwahoji wateule kutachelewesha maendeleo, wabunge watafanya siasa. Nawauliza, mmekimbia kiasi gani bila kuhojiwa? Mmefika wapi? Kuhoji mtu kunachukua siku moja. Kiabakari imesubiri miongo. Na hofu ya siasa itoke wapi, wakati uchaguzi wa 2020 uliwaachia wapinzani viti vya majimbo visivyofika 10? Kama mnaogopa hata maswali ya wabunge wenu wenyewe, basi mnachokiogopa si siasa. Mnaogopa majibu.

Kijana, sikuambii ubebe jiwe. Beba maswali matatu. La kwanza: nani ameteuliwa kusimamia maji yetu, na ana sifa gani? La pili: mwaka huu tumetengewa shilingi ngapi za maendeleo? La tatu, na hili ndilo wanalolichukia: kati ya hizo, ngapi zimefika? Siyo ngapi zimepitishwa. Zimefika! Mwulize diwani. Mwulize mbunge siku akija msibani na bahasha yake. Ukirudi nyumbani Krismasi, nenda kwenye mkutano wa kijiji uulize, na usiondoke na jibu la "mchakato unaendelea". Wazazi wetu walinyamaza kwa sababu mwenyekiti wa chama, wa kijiji na wa kesi alikuwa mtu mmoja. Wewe una sababu gani?

Kocha wa timu yako akifungwa mechi tatu, unapiga simu redioni usiku wa manane kudai aondoke. Dada yako amefungwa na ndoo tangu azaliwe. Hiyo mechi utaizungumza lini?