Mwalimu Aonaye Kovu Asinyamaze

Mtoto anayeteswa nyumbani hana baraza la kupelekea mashtaka yake. Makovu yake huonwa kwanza na mwalimu darasani na mganga katika zahanati. Wakinyamaza hao, nani atasema?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, iko wazi: kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anamnyima chakula, matibabu au elimu, ana wajibu wa kuiarifu serikali ya mitaa. Lakini wajibu wa wote hugeuka upesi kuwa si wa mtu. Huko Marekani, baada ya Daktari Henry Kempe na wenzake kufichua majeraha ya watoto mwaka 1962, sheria ziliwabana waganga kwanza.

Wapo wanaodai kwamba ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Dai hilo humlinda mtesaji. Tena taarifa si hukumu. Humwezesha ofisa ustawi wa jamii kumwita mzazi wakazungumza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hapa afichaye ni mtu mzima, na afaye ni mtoto.