Fedha za Bahati Nasibu Ndoa Ivunjikapo

Watu wa Dadaab hawana upungufu wa vitu vya kugombea ndoa inapovunjika: mbuzi, vyombo, kibanda cha biashara sokoni Hagadera, fedha zilizotumwa na ndugu walio ng'ambo. Lakini liko jambo moja ambalo wazee wa maslaha hawakulirithi kwa babu zao, nalo ni fedha za bahati nasibu. Zamani tiketi ilikuwa karatasi. Siku hizi mtu hubahatisha kwa simu, usiku, mwenzake amelala, na ushindi huingia katika simu hiyo hiyo pasipo mtu kujua. Mwaka 2017 mtu mmoja nchini Kenya alijipatia zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri matokeo ya mpira. Ushindi wa namna hiyo ni nadra mno; walakini hata laki mbili hutosha kuwafikisha mume na mke mahakamani. Talaka ikitoka, fedha hizo ni za nani?

Yafaa kwanza ifahamike ni sheria ipi itakayoamua. Wenyeji wa Garissa, na wakimbizi ambao walianza kupokewa Dadaab mwaka 1991, wote wamo chini ya sheria za Kenya. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, katika kifungu cha 3, humruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, humpa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Neno hilo la kukubali ni zito kuliko lionekanavyo, maana njia mbili hizi hazifiki mahali pamoja.

Katika sheria ya Kiislamu ndoa haichanganyi mali. Alichochuma mke ni chake, na alichochuma mume ni chake. Basi bibi hawezi kudai nusu ya fedha za mumewe kwa sababu tu walikuwa chini ya dari moja. Tena kamari imekatazwa waziwazi katika Sura ya al-Maida, aya ya 90. Adaiye fungu la ushindi atajikuta akiomba sehemu ya chumo ambalo sheria anayoitegemea imeliharimisha. Lakini asidhani kwamba atatoka mikono mitupu. Mahari yaliyobaki ni deni. Masurufu ya eda, matunzo ya watoto, na kitulizo cha mwanamke aliyeachwa pasipo kosa lake, yote ni madai yasiyotegemea tiketi yoyote. Na ikiwa alitia fedha zake mwenyewe katika duka la mumewe, anaweza kuzidai, mradi awe na mashahidi.

Katika mahakama nyingine mambo huenda kwa njia nyingine. Kabla ya 2013 mahakimu wa Kenya walitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya mali ya wanawake walioolewa. Sheria iliyopo haitaji bahati nasibu hata kwa neno moja. Inataja nyumba ya familia, vyombo vyake, na mali nyingine ambayo wawili hao wanaimiliki pamoja na waliipata wakati wa ndoa. Kisha yasema kwamba kila mmoja atapata kwa kadiri ya mchango wake. Kupika, kulea watoto na kulima shamba ni mchango pia, jambo ambalo waume wengi husahau. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa mume na mke uliomo katika Katiba haumaanishi kugawa nusu kwa nusu bila kutazama mchango huo.

Je, mchango katika bahati hupimwaje? Hukumu moja ya Uingereza ya mwaka 2011 yaweza kuwasaidia wenye shauri kama hili, ingawa haimfungi hakimu wa Kenya. Mwanamke mmoja alikuwa akicheza bahati nasibu na rafiki yake, mumewe hajui, na fungu lake likawa pauni 500,000. Jaji aliona kwamba fedha zile zilikuwa za mke peke yake. Walakini sehemu yake ilikuwa imenunua nyumba ambamo wote wawili waliishi, na kwa kuingia katika nyumba ikageuka kuwa mali ya ndoa. Mume akapewa pauni 85,000. Basi jaji hakutazama tu fedha zilikotoka, bali pia zilikokwenda.

Kuficha ni jambo jingine kabisa. Huko California mwanamke mmoja alishinda dola milioni 1.3 mwishoni mwa mwaka 1996, akanyamaza, akaomba talaka siku chache baadaye. Siri ilipofichuka, mahakama mwaka 1999 ilimpa mume fungu lote la mkewe.

Iko pia bahati nasibu ambayo wengi kambini waliijua kuliko ile ya fedha, nayo ni ya viza, iliyowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990. Zawadi hiyo haigawanyiki. Mke wa mshindi husafiri kwa kuwa ni mke. Akiachwa kabla ya safari, haki yake huishia hapo, na hakuna Kadhi wala hakimu wa Garissa awezaye kumrudishia. Hata hivyo, Juni 2025 Marekani iliwafungia mlango raia wa Somalia, isipokuwa wachache.

Kwa fedha, ushahidi upo. Simu huandika siku, saa na kiasi, na mahakama yaweza kuamuru kampuni itoe maandishi hayo. Bibi anayeshuku aanze kwa kukumbuka tarehe: duka lilijazwa bidhaa lini, mabati mapya yalipigwa lini, na siku hizo kulikuwa na mshahara gani au fedha gani kutoka ng'ambo. Asiyeridhika na hukumu ya Kadhi anaweza kukata rufani Mahakama Kuu.