Alama ya kidole cha mkazi wa Garsen yafunguliwa mbele ya nani?

MKAZI wa Garsen aliyebonyeza kidole kwenye mashine ili aandikishwe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambayo ilianza kazi Oktoba 1, 2024, hana njia ya kujua ni nani anayeweza kuiona alama hiyo ikishafika kwenye seva.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaohifadhi habari za raia wazilinde kwa mbinu za kiufundi. Kwa kawaida agizo hilo hutimizwa kwa kuzifumba data zinapohifadhiwa na zinaposafirishwa. Limebaki pengo moja. Ili kulinganisha alama mbili za vidole, kompyuta huzifumbua kwanza, na muda huo huwa wazi katika kumbukumbu yake. Msimamizi wa seva, au mwizi aliyejipenyeza na kutwaa mamlaka yake, anaweza kuzinakili bila kuvunja kufuli lolote.

Kampuni za Intel na AMD zimeunda vichakataji vinavyozifumba data hata zikiwa kazini, ufunguo ukibaki ndani ya kichakataji chenyewe. Mwenye seva akichungulia hawezi kuzisoma data zenyewe. Hata hivyo, kinga hiyo haijiwashi yenyewe. Huamshwa na kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya programu inayoviamuru vifaa vyote vya kompyuta.

Kwa mashine za Intel, kiini rasmi cha Linux kilipata uwezo wa kuiamsha kinga hiyo katika toleo la 6.8 la Machi 2024. Hutayarisha kila kichakataji peke yake, kikatenga sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea daftari la kurasa zinazolindwa, kisha kikaamuru funguo zitayarishwe. Kichakataji kilichorukwa hakiwezi kupewa kazi ya siri. Uwezo wa kuendesha kazi zenyewe juu ya msingi huo uliingia katika toleo la 6.16 la Julai 2025. Kwa hiyo serikali inaweza kununua seva ya bei ghali, ikaiwekea mfumo wa zamani, na kufuli lisifungwe kamwe.

Kuna manufaa mengine. Kichakataji kilichoamshwa sawasawa hutoa hati yenye saini ya kidijitali inayoonyesha ni programu gani inayoendeshwa ndani yake. Wakenya wanaikumbuka Agosti 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na ukaidi huo ukawa miongoni mwa sababu za majaji wengi kuubatilisha uchaguzi wa urais. Hati ya aina hiyo isingethibitisha ukweli wa fomu za vituoni, ila ingepunguza kubahatisha.

Tusiitukuze kupita kiasi. Oktoba 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walionyesha kwamba mtu anayeweza kuigusa mashine yenyewe, akapachika kifaa kwenye nyaya za kumbukumbu, anaweza kuipenya kinga hii.

Tena, ufumbaji haurekebishi uamuzi mbaya. Katika kaunti jirani ya Garissa, maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame, ili wapate chakula na matibabu, walinyimwa vitambulisho kwa kuwa alama zao zilikuwa katika orodha ya wakimbizi. Data hizo hazikuibwa na mtu. Zilitumiwa na wenyewe.

Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah aliamua kuwa kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa data haikuwa imefanywa. Uamuzi huo ndio mlango wa kupitia. Tathmini ya mradi wowote wa alama za vidole inapasa kueleza ni nani anayeziona data zikifumbuliwa, kama kinga ya kichakataji imewashwa, na ni nani, nje ya kampuni iliyoshinda zabuni, aliyeisoma ile hati yenye saini.